30031 Inagawanyika

Guangzhou, Jumanne, Machi 1998

Mvua haijanyesha, lakini kuta za chumba zinatoa jasho tangu juzi, na shati nililofua halitaki kukauka. Sina hamu ya kitu.

Mkuu wa shule yangu ya zamani, Morogoro, aliniandikia kwa faksi kwamba hawana mwalimu wa hisabati. Kama nataka kurudi, nimjibu kabla ya Ijumaa. Jana niliamua kurudi. Biashara imenishinda, sioni haya kusema. Nilijipa moyo kwamba ualimu angalau naujua.

Mpaka leo mchana.

Nilikuwa Zhongda, soko la vitambaa, marobota yangu ya mwisho yakipigwa alama. Kila mfanyabiashara huandikisha alama yake ili wakala autambue mzigo bandarini. Wengine huweka majina yao. Mimi, kwa majivuno yangu, huweka 30031. Miaka tisa nilifundisha hivi: zidisha namba tasa za mwanzo, 2, 3, 5, 7, 11 na 13, jumlisha moja, nalo jibu ni namba tasa, haligawanyiki ila kwa moja na kwa lenyewe. Ukianza na 2 peke yake, ukawa unaongeza namba moja moja, majibu matano ya kwanza yanakubali: 3, 7, 31, 211, 2311. La sita, hili langu, nililiamini tu. Sikuwahi kulijaribu.

Nikisubiri rangi ikauke, niliazima kikokotoo cha laobanniang, mama mwenye duka, nipoteze muda. Nikagawa kwa 17, kwa 19, nikaendelea. Kwa 59 ikatoka 509, bila desimali hata moja. Nilirudia mara tatu. Mama wa watu akadhani nanung'unikia bei, akaanza kunipunguzia.

Hamisi, Mzanzibari ninayekaa naye chumba kimoja, nilipomsimulia alicheka mpaka akakohoa. "Mwalimu, meiyou, hakuna tatizo! Ejenti kule Dar anatafuta mzigo, hatafuti vigawo."

Angejua ninachokiwaza asingecheka.

Nilikuwa na mwanafunzi, Rehema, kidato cha pili. Alisimama akauliza mbona tunaishia 13, je, namba tasa kubwa zaidi haziwezi kuigawa hiyo 30031? Nikamwambia akae chini asitupotezee kipindi. Darasa zima likamcheka, nami nikacheka nao. Kwenye mtihani akaandika kwamba inaweza kugawanyika. Nikampa sifuri, kwa kalamu nyekundu, tena nikaipigia mstari.

Hakunyoosha mkono tena mpaka anamaliza shule.

Nimeona aibu leo kuliko siku niliyotapeliwa mzigo. Mzigo ulikuwa wangu. Wale watoto walikuwa wa watu, nikawajaza uongo kwa sauti ya mtu anayejua, na aliyekuwa na akili kunizidi nikamnyamazisha.

Jioni nimemwandikia mkuu wa shule: nafasi hiyo mpeni mwingine. Kisha nikachukua karatasi ya pili. "Rehema, ulikuwa sahihi." Nimeandika hayo tu, nikafika kwenye bahasha nikakwama. Anwani yake siijui. Hata jina la baba yake silikumbuki.

Kesho nitaamka niende wapi?