Kijiti Nilichoamuru Kifutwe

Busia, mpakani
Ijumaa, baada ya sala ya adhuhuri

Dada yangu mpendwa Mwanakombo,

Kabla sijasema langu, nakuuliza goti lako. Uliandika kwamba limeacha kuvimba, ila ngazi za darini bado zinakushinda. Basi usizipande, mwanao Maimuna ana miguu mizima, naye akutandikie kitanda chini. Hapo Takaungu wote hawajambo? Mimi mwili wangu ni mzima. Kifua kilichonisumbua wakati wa mvua kimetulia, na vyakula vya huku nimevizoea, isipokuwa ugali wa wimbi, ambao bado naumeza kama dawa. Moyo ndio uliopata mshtuko, na ndiyo sababu barua hii imekuja kabla ya wakati wake.

Unanijua tangu utotoni kuwa mtu asiyevumilia kitu kilichopinda. Mwaka ule ulipotoka eda ya marehemu mumeo, niliingia chumbani mwako, nikaona upindo wa pazia umekwenda upande, nikaufumua wote na kuushona upya. Ukaninyamazia siku tatu. Jambo hilo limenirudia juma hili, na utaona kwa nini.

Nilikueleza kwamba tangu nilipoacha kufundisha ninafanya kazi ya uandishi katika makao ya watu waliopoteza nyumba. Hawa ni watu wa Bunyala, kule chini karibu na Port Victoria. Ziwa lilipopanda na mto ukavunja kingo zake, maji yaliingia mashambani mwao, na hadi leo hayajatoka. Wenye jamaa walikwenda kwa jamaa zao. Wasio na pa kwenda waliletwa hapa Busia, wakawekwa katika bohari kuukuu la pamba. Ndani mna ukuta mmoja mrefu uliofanywa mweusi na moshi, na wao hulala na kuamka wakiutazama.

Katika mkutano wa kamati, muuguzi wetu alisema, "Blanketi tumewapa. Dawa tumewapa. Lakini hawali. Mtu atapona vipi akitazama ukuta kama ule kutwa nzima? Tuupake chokaa, tumtafute mchoraji, awachoree kitu cha kuwapoza moyo."

Mjumbe mmoja aliuliza, "Kwani picha huliwa?"

"Hailiwi," muuguzi akajibu, "lakini huenda ikawafanya wale."

Hoja ikapita. Kazi ya kusimamia picha nikapewa mimi, kwa kuwa watu wa huku huamini kwamba kila mtu wa Pwani amezaliwa ndani ya nyumba yenye nakshi. Nilishauri lichorwe boma moja la Bunyala kabla ya maji, bila watu ndani yake, ili pasiwe na mtu wa kuuliza kwa nini si yeye aliyechorwa.

Mchoraji alipatikana Malaba. Jina lake ni Ekisa, Mteso, mtu wa makamo, ambaye huchora simba kwenye kuta za hoteli na maneno ya mzaha nyuma ya malori. Mkono wake una kipaji kikubwa. Ulimi wake hauna ngeli hata moja. Kila aliponiambia "hii picha iko sawa", nilimsahihisha, naye akacheka na kuendelea kukoroga rangi.

Kwa kuwa hakujua mahali kila kitu kilipo katika boma la Bunyala, alimwomba mmoja wa wakazi amwelekeze. Aliyejitokeza ni Nabwire, mama wa watoto watatu, ambaye tulikuwa hatujamsikia akisema maneno kumi kwa siku. Lazima nikueleze habari zake. Usiku ule wa maji, mumewe, Wandera, alimpandisha mtumbwini pamoja na watoto, kisha akarudi kuwafungulia ng'ombe. Hajaonekana tena. Maiti haikuonekana pia. Ndugu za mume wamemjia mara mbili wakimtaka akubali kwamba yeye ni mjane, ili arithiwe na shemeji yake kama ilivyo desturi yao. Mara zote mbili amekataa.

"Nani ameona maiti?" aliwauliza mbele yangu. "Leteni maiti, nitalia. Bila maiti mimi ni bibi ya Wandera."

Basi huyu ndiye aliyekaa juu ya debe nyuma ya Ekisa siku tisa, akimwongoza. Ilikuwa raha kuwasikia.

"Wewe fundi, ghala ya mtama umeweka mbali hivyo, ni ya mchawi?"

"Mama, ukuta imeisha."

"Ukuta haijaisha. Sukuma jiko huko."

"Nikisukuma jiko, moshi itaingia kwa nyumba ya mama mkwe."

"Wacha iingie! Alikuwa ananisumbua sana."

Wanawake wote walicheka, na mama mkwe mwenyewe, kizee asiyesikia vizuri, akauliza wanacheka nini. Siku ile Nabwire alikula sahani nzima. Muuguzi alikuja kunishika mkono kana kwamba ni mimi niliyechora. Watu walianza kuleta yao: huyu anataka mti wake wa mparachichi, yule mawe matatu ya jiko la marehemu bibi yake. Boma moja likawa la wote, ingawa nyumba ya katikati, yenye paa la nyasi, ilikuwa ya Nabwire na Wandera.

Ekisa alifunika picha kwa shuka ili afisa wa wilaya aje kuifunua. Alasiri ya siku iliyotangulia nikaenda kuikagua. Dada, ilikuwa nzuri. Lakini juu kabisa ya paa la ile nyumba ya katikati palikuwa na kijiti kimesimama, tena kimepinda, nacho kimepenya na kukata mstari wa pambizo niliouchora mimi mwenyewe kwa rula. Nilidhani brashi imeteleza.

Nikasema, "Ekisa, kifute hiki."

"Mwalimu, hiyo mti huwezi toa, kwa sababu hiyo mti ndiyo..."

"Mti huo," nikamwambia. "Sema 'mti huo'. Na wala si mti, ni kijiti. Kifute, unyooshe na pambizo."

Alifungua kinywa tena, nami nikainua kidole kama nilivyokuwa nikiwainulia wanafunzi. Akachovya brashi katika rangi ya buluu ya mbingu, akakifuta. Nikaenda nyumbani nimeridhika.

Kesho yake afisa alikuja, akahutubu, akavuta shuka. Nilitazamia vigelegele. Havikuja. Kisha Nabwire akainuka alipokuwa ameketi, akatembea polepole mpaka mbele yangu, akaniuliza kwa sauti ya chini kabisa, kama mtu anayeuliza saa:

"Mmempata wapi?"

Sikumwelewa. Nikamwuliza, "Nani?"

"Wandera. Mmempata wapi? Amezikwa?"

Nilimtazama Ekisa. Alikuwa ameficha uso kwa mikono miwili. Hapo mama mkwe, yule kizee asiyesikia, aliyeelewa kwa macho yake, alipiga yowe ambalo mfano wake sijapata kuusikia maishani mwangu. Wanawake wote wakalipokea. Nabwire akaanguka. Afisa aliondoka bila kuaga.

Ekisa ndiye aliyenieleza, nje. Huku, dada, nyumba ya mtu huwa na kijiti juu ya kilele cha paa. Mwenye nyumba akiwa hai, kijiti kinasimama. Akifa, watu wa ukoo hupanda juu na kukiondoa, na kila apitaye njiani hujua kwamba nyumba ile haina bwana. Nabwire aliona kijiti chake kikichorwa. Alikiona kwa macho yake. Sasa anakuta kimeondolewa, mbele ya mkubwa wa serikali, siku ya mkutano. Aamini nini, ila kwamba tumepata habari, na hii ndiyo njia yetu ya kumpasha?

"Kwa nini hukuniambia?" nikamwuliza Ekisa.

"Nilianza kukuambia, Mwalimu," akasema. "Wewe ulikuwa unanifundisha."

Nilirudi ndani kumweleza Nabwire, lakini katika kilio kile hapakuwa na sikio la kunisikia. Na kabla ya alasiri shemeji yake alikuwa amefika kwa baiskeli kutoka Matayos, na kichwa ameshakinyoa, kama wafanyavyo wafiwa wa huku. Fikiri, dada! Habari ilimfikia, akatafuta wembe kwanza. Alisimama katikati ya bohari, akasema, "Sasa maneno imeisha. Serikali yenyewe imetoa kijiti. Mama Ouma, funga mizigo yako."

Ouma ni mtoto wake wa kwanza. Nabwire hakukataa. Alianza kukunja blanketi. Kule kukunja blanketi ndiko kulikonishtua kuliko yowe. Kwa muda wote ule alikuwa amesimama imara mbele ya ukoo mzima. Sasa alikuwa amekwisha.

Nikasema kwa sauti ya darasani, "Kijiti nimekitoa mimi."

Watu wakageuka.

"Umeona maiti, Mzee?" shemeji akaniuliza.

"Sikuona maiti. Niliona kijiti kimepinda, na mimi sipendi kitu kilichopinda. Sikujua maana yake. Niliambiwa, sikusikiliza."

Hapo nilikuwa nimesimama mbele ya watu themanini, kanzu yangu imepigwa pasi, na hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka. Shemeji alitikisa kichwa akasema, "Hiyo kitu ikitoka, imetoka."

Lakini Nabwire alikuwa ameacha kukunja. "Hiyo ni ya ukuta," alisema. "Ya nyumba je? Twende tuone ya nyumba. Ikiwa imeanguka, nitakuja kwako. Ikiwa iko, unirudishie jina yangu, bibi ya Wandera."

Shemeji hakuweza kukataa mbele ya wazee waliokuwapo. Basi siku ya pili tuliondoka kwa basi, Nabwire, shemeji yake, Ekisa na mimi. Hakuna aliyeniomba kwenda. Ningebakije? Port Victoria tulikodi mtumbwi wa mvuvi aliyejua njia. Tulipita katikati ya mafunjo marefu mahali ambapo, alivyosema Nabwire, palikuwa na shamba la mihogo, kisha juu ya barabara ya kwenda kanisani. Mimi sijui kuogelea, na nilishika ukingo wa mtumbwi kwa mikono miwili, lakini nakuambia kweli, si maji niliyoyaogopa. Nilikuwa nikihesabu makosa yangu. Ikiwa mvua nyingi namna ile imekiangusha kijiti, mama huyu atafungiwa mizigo kwa sababu ya mstari wangu wa pambizo.

Yangeyange waliruka mbele yetu, na mvuvi akaacha kupiga kafi. Kuta za nyumba ya Nabwire zilikuwa zimeyeyuka zote. Lile paa lilisimama juu ya nguzo zake kama kofia juu ya maji, nyasi zimegeuka kijivu.

Na juu yake, kijiti.

Kilikuwa kimepinda. Kilipinda kuelekea kushoto, vilevile, kwa kiasi kilekile, kama Ekisa alivyokichora. Hakuwa amekosea hata kidogo. Alikuwa amechora alivyoambiwa.

Nabwire hakulia. Alikinyooshea kidole, akasema, "Iko."

Akatabasamu, akaniambia mimi kati ya wote: "Siku aliweka, nilimwambia, Baba Ouma, hiyo imepinda. Akaniuliza, 'Wewe umeolewa na mimi ama na kijiti?'"

Mvuvi alicheka hadi mtumbwi ukayumba. Shemeji alitoa kofia mfukoni, akafunika upara wake.

Kulikuwa na swali kama kilichofutwa ukutani kinaweza kurudishwa. Vizee wa bohari walikaa wakalijadili asubuhi nzima, kisha wakatoa hukumu kwamba anayeondoa kijiti ni mtu wa ukoo. Aliyekiondoa hiki ni mgeni, tena mjinga. Kwa hiyo hakuna kilichoondolewa. Hilo neno "mjinga" nililipokea nikiwa nimesimama.

Ekisa alipanda ngazi jana. Akaniuliza kutoka juu, "Nipinde kiasi gani, Mwalimu?"

"Muulize mwenye nyumba," nikamwambia, nikashika ngazi.

Sasa kimesimama, kimekata pambizo yangu katikati. Nabwire ameketi tena juu ya debe lake, amekula mchana huu. Lakini moyo wangu haujatulia, dada. Wewe ulipokaa eda uliijua siku ya kwanza na siku ya mwisho, na kaburi la mumeo ulilijua lilipo. Huyu nimemrudisha katika kungoja kusiko na hesabu ya siku. Nilimwambia hivyo. Alinijibu, "Kungoja ni yangu, Mwalimu. Wewe ulikuwa umeninyang'anya."

Mwambie mke wangu Rukia kwamba barua yake inafuata, na asimlaumu mtu wa posta. Mpe salamu binamu yetu fundi wa makuti, na jirani yetu muadhini, na mama yake yule Maimuna mwingine, somo wa mwanao, aliyekuuguza goti. Wazee wa barazani waambie nawakumbuka.

Na wewe, dada, nakuomba unijibu jambo moja, hata kama umelinyamazia miaka yote hii. Ule upindo wa pazia nilioufumua mwaka ule, uliokuwa umekwenda upande, alikuwa ameushona nani?

Ni mimi, mdogo wako anayekuomba radhi kabla hujajibu,

Bakari