Baba Anaposema Hajambo

Shikamoo Bibi. Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote, hata mama: simu ikilia nikiwa shuleni, naogopa kuipokea. Hapa Greenbelt, huku ughaibuni, wengine nyumbani ni wazima. Uliniuliza kama baba hajambo kweli, kama anavyokuambia. Hapana, Bibi. Saratani ya tezi dume imeshafika kwenye mifupa.

Juzi nilimsindikiza hospitali. Daktari akamuuliza anajisikiaje.

"Mzima kabisa," baba akajibu. "Na wewe, watoto hawajambo?"

Daktari akacheka, akageukia kompyuta. Niliogopa kwamba ataandika hivyohivyo, nasi turudi nyumbani na maumivu yaleyale.

"Baba, hii siyo salamu," nilimnong'oneza.

"Nyamaza. Nianze kumlilia mgeni?"

Hata hivyo nilimwambia daktari kwamba baba hushika ukuta akiinuka, na kwamba ni mimi humvalisha soksi. Baba aliinamisha kichwa. Kisha akagusa kiuno.

"Hapa," alisema. "Hata nikikaa."

Nilijua yaliyobaki hayasemwi mbele ya mtoto. Nikachukua koti lake, nikatoka, nikafunga mlango, nikakaa nje kumsubiri.