Yowe Mbele ya Dubu Mweupe

Baba Neema,

Ndama hawajambo? Dubu huyu wa kwenye kadi amenikosesha usingizi. Jana mwanetu alinipeleka Washington kutazama filamu ya nchi ya barafu. Dubu alijilaza kando ya tundu kwenye barafu, akimvizia sili, mnyama wa baharini, atoke kuvuta pumzi. Nyuma yake mbweha alingoja mabaki, kama fisi wetu wanavyomngoja simba. Pua ilipochomoza tu, nikasahau ni picha, nikapiga yowe kama fisi kaingia zizini.

Hakuna aliyenyanyuka. Walinigeukia tu: "Shhh!" Sili akaliwa.

Nikamuuliza Neema, "Wewe ukipiga yowe hapa, nani atakuja?"

"Mama, huku tunapiga simu."

Na anaishi peke yake! Nawakumbuka sana huko nyumbani. Ukisikia yowe, hata la yule jirani mlevi, toka mbio.

Mama Neema