Dhamana ya Safari ya Baba

Jumatatu, 2 Machi 1970
Baba kaanguka tena, mlangoni pa chumba chake. Kidogo tu, kisha kafumbua macho akauliza nani kamlaza chini. Mapigo thelathini na nne kwa dakika. Nimehesabu mara tatu — thelathini na nne! Dk. Mjaka kasema ile sehemu ya moyo inayoanzisha mapigo imechoka. Kuna kimashine cha betri, hushonewa chini ya ngozi, kinaushtua moyo kwa umeme. Hapa hakuna. London kipo, aliko kaka Himid.

Jumatano, 4 Machi
Leo darasani nimefundisha moyo wa chura. Nimeukata, nimeutia kwenye sahani ya maji ya chumvi. Ukaendelea kupiga! Wasichana wakapiga kelele. Mwanapili kauliza nani anauamrisha, na chura keshakufa.

Hakuna, nikamwambia. Seli zenyewe. Kwetu binadamu zimekaa fungu dogo, moyoni juu, upande wa kulia. Hazitulii. Chumvi inazipenya polepole, umeme unapanda, unapanda, ukifika kikomo — pa! Seli jirani inaudaka, na jirani yake, mpaka moyo wote. Kisha mwanzo tena. Zenye kasi ndizo zinazoongoza. Zikinyamaza, nyengine za chini hushika kazi, lakini taratibu mno.

Hapo nikakwama. Nilikuwa nnamsema baba. Wasichana walidhani nimesahau somo.

Alhamisi, 5 Machi
Ofisi ya vibali vya kusafiri. Tuliomba wawili, baba na mimi wa kumwangalia njiani. Bwana Jecha kasema mzee ataruhusiwa. Mimi nibaki, nitie saini dhamana kuwa atarudi. Nikamwuliza, na asiporudi?

"Wewe si upo?"

Nimerudi kwa miguu kupitia Mlandege, sikumsalimu mtu. Niseme kweli, hapa tu: sanduku langu nilishalifunga tokea Jumatatu. La baba bado.

Jumamosi, 7 Machi
Baba kakataa. Kasema Himid hatomwachia arudi, na nitakayeteseka ni mimi. Nikamwambia atakufa. "Nife kitandani kwangu, mwanangu."

Nikabamiza mlango. Akienda nnabaki, asipokwenda nnabaki.

Jumatatu, 9 Machi, baada ya alasiri
Jecha kaja mwenyewe. Yupo sebuleni na karatasi. Nimejificha jikoni, nnaandika, kahawa iko motoni. Baba kateremka ngazi peke yake, kashika ukuta, kavaa kanzu ya Ijumaa. Nikajua kakubali kwenda.

Kumbe! Nnamsikia.

"Aende mwanangu Bahiya. Dhamana niwe mimi."

 Jecha kasema linawezekana, wataandika anakwenda masomoni.

Linawezekana!

Ningetoka mbio, niseme sitaki. Nimekaa. Kahawa inafurika, sijaiepua.

Baba ananiita.

"Naam," nimejibu, sikuinuka.

Jecha anauliza nimezaliwa lini. Baba kamtajia, kakosea mwaka.

Nimemsahihisha. Kwa sauti, hukuhuku jikoni.