Mfuko wa Kaniki kwa Mjomba Omari

Sumbawanga,
mwezi wa tano, siku za mwishoni.

Kaka yangu Omari,

Shikamoo. Nakupa shikamoo yako kamili, maana mama alitufundisha kwamba mkubwa ni mkubwa hata akiwa na makosa ya kujaza gunia. Wazima huko Umwe? Wifi yangu hajambo? Mguu wa mama unaendeleaje, bado unamsumbua akikaa sana kwenye mkeka? Sisi huku hatujambo, ila baridi ya mwezi huu imetushika pabaya. Watoto wanakwenda shule na masweta mawili mawili, na mimi pale zahanati nashika kikombe cha chai ili nipashe vidole kabla sijamgusa mgonjwa. Shemeji yako Idi anakusalimu. Gereji yake inakwenda vizuri, alhamdulillahi.

Barua hii anakuletea Mwalimu Neema, jirani yangu, ambaye amehamishiwa shule moja hapo Kibiti. Nimempa pia kanga ya mama, na nimemwagiza amkabidhi mama mwenyewe mkononi, asimwachie mtu mwingine yeyote. Mkaribisheni vizuri, joto la huko hajalizoea. Najua utashangaa kupata karatasi zama hizi. Simu zangu hupokei, na ujumbe wangu unausoma kisha unanyamaza, ndiyo maana nimeshika kalamu.

Habari kubwa ni kwamba shule zikifungwa mwezi wa sita tunakuja nyumbani wote watano, kwa gari letu wenyewe. Watoto wanataka kumwona bibi yao na kula pepeta.

Mpaka hapa msomee mama kwa sauti, maana macho yake hayaoni tena maandishi. Kuanzia mstari unaofuata ni mimi na wewe.

Kaka, sijasahau. Mwaka juzi tulikuja kwa basi, siku mbili njiani, miguu imevimba, kwa sababu nilitaka wanangu waione pepeta ya kwanza. Unajua kwetu inavyokwenda. Mpunga ukiwa bado una ubichi tunakata kidogo, tunaukaanga, tunautwanga, na konzi ya kwanza anapewa mtoto mdogo kuliko wote waliopo shambani. Mpaka huyo atafune ndipo wakubwa wanagusa. Baba alifanya hivyo kila mwaka mpaka anaingia kaburini.

Mtoto mdogo kuliko wote siku ile alikuwa Mwanahamisi wangu, kitinda mimba, niliyempa jina la mama, ndiyo maana yeye na bibi yake wanaitana somo. Alikuwa na miaka mitano. Alisimama chini ya dungu lako, akalitazama lile banda la kulindia mpunga juu ya miti kwa mshangao, akanyoosha viganja vyote viwili. Ukampita.

"Mtoe huyo," ulisema. "Wa Sumbawanga huyo, asije akatutilia nuksi kwenye mpunga."

Konzi ukampa mtoto wa jirani mwenye miaka minane. Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, Kaka, kwa aibu, huku mwanangu bado amenyoosha mikono. Wewe nina la kukufanya. Kile kicheko changu sijui nikifanye nini.

Kwenye basi, tulipopita Chalinze, akaniuliza, "Mama, nuksi ni nini?" Nikakosa ujasiri, nikamwambia nuksi ni mtoto mgeni. Muhula ulipofunguliwa mwalimu akaniita shuleni. Kumbe alipoambiwa ajitambulishe mbele ya darasa alisema, "Naitwa Mwanahamisi, mimi ni nuksi wa Rufiji." Alisema kwa kujivunia. Nilikaa kwenye kile kiti kidogo cha darasani nikalia mpaka mwalimu akatoka nje.

Hata hayo ningeyameza. Lakini wiki mbili baada ya sisi kuondoka, shamba lako likaliwa lote, mchana ndege, usiku viboko na nguruwe mwitu, na wewe ukatangaza kuanzia Umwe mpaka Mbwara kwamba ni mkono wa mwanangu. Ukamwambia na mama. Mama aliyekuwa hapigi simu bila kusema "nipe somo wangu" akaacha kumuuliza. Mwaka na miezi mtoto anasogea kwenye simu nikiongea na bibi yake, anasubiri aitwe, haitwi.

Sasa sikiliza. Mwezi wa Ramadhani Bi Tatu, ambaye dungu lake limepakana na lako, alinipigia kuniomba radhi. Alisema lilimkaa rohoni. Akaniambia kwamba wiki ile hukuwa shambani. Ulikuwa Mbwara kwenye harusi ya rafiki yako, siku tatu, unacheza ngoma, na dungu umeliacha tupu bila hata mtu wa kupiga debe kufukuza ndege. Mama alikuwa nyumbani na mguu wake, asingeweza kujua. Mndengereko mzima, umelelewa juu ya dungu, unaacha mpunga uliokomaa peke yake siku tatu! Baba angefufuka akachape mtu. Na kosa la mtu mzima ukamtwisha mtoto wa miaka mitano kwa sababu alizaliwa kwenye mji ambao watu wanautania kwa uchawi. Kana kwamba sisi wa Rufiji tunasifiwa kwa jambo jingine huko nje!

Basi nimeipanga safari hii kwa ajili yako. Idi anadhani ni kwa ajili ya watoto, na kweli vituo vyote nimechagua vya watoto, kwa sababu Mwanahamisi hutapika gari likikata kona nyingi na hawezi kukaa zaidi ya saa mbili bila kushuka akakimbia. Lakini juzi Idi alinitazama nikichora njia kwenye daftari, akauliza, "Mke wangu, hii ni likizo au vita?" Nikamjibu, "Vyote viwili. Wewe kagua breki."

Nakupa ratiba, ili uhesabu siku vizuri. Siku ya kwanza tunatoka baada ya swala ya alfajiri, tunapita Tunduma, tunasimama Mbozi watoto wakaone kile kimondo kilichoanguka kutoka mbinguni, tunalala Mbeya. Siku ya pili tunakunywa chai Makambako, na kabla ya Iringa tunashuka Isimila, kwenye zile nguzo za udongo zilizosimama zenyewe bondeni. Jafari wa kati anataka kuzihesabu, halafu tunalala Iringa. Siku ya tatu tunateremka Kitonga taratibu na ndoo ya matapishi mkononi, tunanunua vitunguu Ruaha Mbuyuni, tunapita Mikumi vioo vimefunguliwa watazame twiga na tembo, tunalala Morogoro. Siku ya nne tunakuja moja kwa moja, madafu Kibiti, halafu kwako kabla ya alasiri. Baada ya siku mbili nitawapeleka Nyamisati waone mikoko na kaa wanaokimbia upande upande. Lakini kwanza kwako.

Na kila kituo, kila mtoto anaokota kitu kimoja. Huo ndio mchezo wa safari, Salha mkubwa ndiye karani wake. Changarawe ya barabarani karibu na kimondo. Kibonge cha udongo. Ganda la kitunguu. Mikumi hairuhusiwi kuokota wala kushuka, kwa hiyo Jafari atachora tembo. Vyote vinaingia kwenye mfuko mmoja, na mfuko huo nimeushona mimi, Kaka, kwa kaniki. Kaniki nyeusi tii, mdomo nimeufunga kwa uzi mwekundu. Unajua wanaofunga vitu kwenye kaniki na uzi mwekundu ni akina nani. Wewe unajua kuliko mimi, maana mimi sijawahi kupiga hodi kwao.

Nilipanga hivi. Tunafika shambani, watu wote wapo, pepeta iko kwenye ungo. Sisemi neno. Namkabidhi Mwanahamisi mfuko, anapanda ngazi ya dungu lako, anautundika juu pale unapoweka kichwa, anashuka. Halafu tunakaa tunakula. Nilitaka nikuone ukitafuna huku macho yako juu. Nilitaka ulale chini ya mfuko ule usiku mmoja, wa pili, wa tatu, uogope mtoto jinsi ulivyomfanya mama amwogope mtoto. Mungu anajua mimi siamini mambo hayo. Nilitegemea imani yako wewe. Wiki nzima nilikuwa nashona huku nacheka peke yangu, na raha niliyoipata sitaificha.

Jumapili iliyopita tulifanya mazoezi ya safari, tukaenda maporomoko ya Kalambo, tuone mtoto anatapika mara ngapi. Alitapika mara mbili. Kule chini aliokota kijiwe cheupe, laini, akakiosha, akakikausha kwenye sketi yake. Nikamwambia akiweke kwenye mfuko. Akasema hiki si cha mchezo.

"Cha nani sasa?"

"Cha Mjomba Omari. Aliogopa mwaka ule. Nitampa ashike, asiogope tena."

Jana nikaukuta mfuko wangu wa kaniki umeandikwa kwa chaki nyeupe, herufi za kwenda juu na chini: MJOMBA. Aliuchukua kabatini bila ruhusa. Kaka, nimekasirika. Vita yangu yote imeharibiwa na mtoto wa miaka saba. Nimeufuta mara moja, ameandika tena.

Usidhani nimesamehe. Yeye ndiye hana kinyongo, mimi ninacho cha kutosha wote wawili. Mfuko unakuja. Utachagua mwenyewe kama utaupokea kwa mkono wake mbele ya watu, ukataja harusi ya Mbwara kwa mdomo wako, kisha ukampa konzi ya kwanza, au nautundika mimi pale nilipopanga. Ana miaka saba sasa, na nimeshauliza, mwaka huu hakuna mdogo kuliko yeye upande wetu. Usilete mtoto wa kuazima.

Nisalimie wifi yangu, mkeo, mwambie vitenge vyake navileta, yeye sina ugomvi naye. Nisalimie Bi Tatu, jirani yako, na usithubutu kumnunia. Msalimie shehe wetu aliyemzika baba. Salamu za mama sikupi wewe.

Nisikuache gizani. Ndani ya ile kanga ya mama mna barua hii hii, neno kwa neno, nimeinakili kwa mkono wangu. Mwalimu Neema atakuwa ameshafika kwake kwanza, ameketi naye kwenye mkeka, amemsomea mpaka hapa. Mama nimemwomba jambo moja tu: "Omari akiipata ya kwake, umwambie akusomee, kisha unyamaze, usikilize ataishia wapi."

Kwa hiyo kama uliishia kwenye pepeta ukakunja karatasi, rudi pale. Yuko hapo mbele yako, anasubiri.

Mdogo wako,
Zuhura,
mama yake nuksi.