Kilemba Ulichoniomba

Kwako mdogo wangu, uliyekalia kiti changu,

Mimi mzima. Chumba nimepanga, na nikipita majirani husimama bila kulazimishwa.

Barua yako nimeisoma mwenyewe, sikumwomba mtu. Ati nije nikuvike kilemba cha ufalme, maana watu hawakutii mpaka wauone mkono wangu juu ya kichwa chako. Pole! Ulipowafungulia askari mlango wa nyuma nikiwa nimelala, mkono huo hukuukumbuka? Nilikubeba mgongoni nao, ulipokuwa ukikimbia jogoo.

Siji. Kilemba ninacho, nimekifanya mto. Wewe nimekufungia ukoka wa uani kwangu ndani ya barua hii. Sokota mwenyewe, ujivike. Hiyo ndiyo saizi yako.

Ni mimi kaka yako, mfalme hata kwa kandambili.