Tupe Mfano, Mwalimu

Jumanne, 3 Mei 1983

Kisomo cha watu wazima, saa tisa alasiri kama kawaida. Kumi na mmoja kati ya thelathini na wanne. Wengine wako kwenye maharage. Chaki imebaki vipande viwili, naandika herufi ndogo mpaka wazee wanalalamika.

Neno la leo: ratiba. Nilisoma maana kitabuni, wakanitazama tu. Mzee Boay akasema yale yale ya kila siku, "Tupe mfano, mwalimu." Nikamuuliza ng'ombe wake wanakamuliwa saa ngapi, wanatoka saa ngapi, wanarudi saa ngapi. Akacheka. "Kumbe ng'ombe wangu wana ratiba, basi la Arusha halina!" Basi. Neno limeingia, halitoki tena. Mtoto ukimpa maana anaikariri. Mtu mzima anataka umwonyeshe. Kwa mifano najiamini, na wala sioni haya kusema hivyo.

Baadaye kwa Mama Paulina, jirani yangu hapa Singe na mwanafunzi wangu pia. Nimechukua kaa la moto, maana viberiti havijaonekana madukani tangu mwezi uliopita. Nimenunua na mche mmoja wa sabuni, kwa mlango wa nyuma, kama siku zote. Mwaka wa pili huu tangu nihamishwe kutoka Njombe, na ni yeye peke yake anayeniita dada. Sina mtoto, kwa hiyo si Mama Fulani. Kwa wengine wote mimi ni Mwalimu tu.

Alhamisi, 5 Mei

Redio haina neno jingine siku hizi: mlanguzi. Mzee Boay ameuliza maana yake. Nikasema ni mtu anayeficha bidhaa adimu ili aiuze kwa bei ya kuruka. Naye kama kawaida: "Tupe mfano."

Nami bila kufikiri: mtu ana sabuni, ameificha ndani ya debe la mahindi, anawauzia anaowajua kwa mlango wa nyuma.

Mmoja akaguna. Vichwa vikageukia benchi la pili. Mama Paulina alikuwa ameinamia daftari lake.

Naapa sikumfikiria yeye. Nilitafuta mfano, nikaokota ulio karibu. Kwangu mimi ule haukuwa ulanguzi. Ulikuwa ujirani.

Mjinga mimi.

Ijumaa, 6 Mei

Mama Paulina hakuja. Sikwenda kwake. Viazi vya jana, baridi; kaa la moto sina.

Jumapili, 8 Mei

Kanisani wanawake walijisogeza, Mama Paulina akabaki na nafasi ya watu watatu kila upande. Nilikuwa benchi la nyuma. Ningeweza kwenda kukaa naye. Sikwenda.

Nje, baada ya ibada, nililisikia lile neno mara nne, limetamkwa sawasawa kabisa. Wote walijua tangu zamani kwamba anauza. Nusu yao nguo walizovaa zimefuliwa kwa sabuni yake. Ila jambo lenyewe halikuwa na jina. Nimewapa jina.

Sijawahi kuwa na darasa lililoshika neno upesi hivi.

Jumatatu, 9 Mei

Mgambo wawili na balozi wa nyumba kumi, asubuhi, kwa Mama Paulina. Hawakupekua. Moja kwa moja kwenye debe la mahindi. Miche tisa. Wamempeleka kituoni kwa miguu, mwanawe Paulina anafuata nyuma analia.

Nilikuwa dirishani. Mama Paulina alitazama upande wangu. Nikashusha pazia.

Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Chini ya kitanda changu ipo miche miwili iliyotoka debe lile lile. Niliogopa.

Jumanne, 10 Mei

Darasa limejaa. Thelathini na watatu. Watu ambao sijawaona mwezi mzima wamekuja na madaftari, wanataka maneno mapya ya redioni. Nikasema leo ni kuzidisha.

Mzee Boay akanyoosha mkono, kwa adabu zake, mzee wa watu hana ubaya: "Mwalimu, anayeuza tumemjua. Na anayenunua anaitwaje?"

Nikasema nitaangalia kwenye kamusi.

Kamusi iko hapa mezani. Sijaifungua. Ningekuwa na mtu wa kumwambia haya ningemwambia. Mchuma janga hula na wa kwao, lakini wa kwangu wako Njombe. Hili nalila peke yangu.

Alhamisi, 12 Mei

Nimekwenda darasani na ile miche miwili, nikaiweka juu ya meza.

"Mzee Boay, uliuliza anayenunua anaitwaje. Neno lake silijui. Mfano ni mimi."

Safari hii hakuna aliyeguna. Mzee Boay aliitazama sabuni, kisha akatazama miguu yake. Wengine wakafanya hivyo hivyo. Nikawaambia darasa limekwisha, nikaibeba miche yangu mpaka kituoni. Nikaeleza kwamba nimekuwa nikinunua kwa Mama Paulina karibu miaka miwili, na kwamba kama ana kosa, tuko wawili. Askari akaandika jina langu, akachukua sabuni, akasema nirudi nyumbani, nitaitwa.

Nimelala kabla jua halijazama.

Jumamosi, 14 Mei

Wamemwachia jana kwa onyo. Sabuni imebaki huko huko, yake na yangu. Mimi sijaitwa.

Nimekwenda kwake leo asubuhi. Alikuwa uani anachambua maharage. Nikamwambia nisamehe. Hakuinua kichwa.

"Mwalimu," akasema, "hata mimi lile neno nilikuwa silijui. Nimelijua siku ile ile, pamoja nao. Ungeniambia kwanza mimi, peke yangu."

Nilikaa chini nikachambua naye mpaka ungo ukaisha. Hakunifukuza. Nilipoinuka nikaaga, akaitikia vizuri.

Hakusema, "Karibu tena."